Kasi ya Vipindi, Mwendo Mrefu na Kitambi: Historia Inayopita Manyara

Mwaka 1978, mjini Edmonton nchini Canada, kijana wa miaka 20 kutoka Katesh, Tanzania, alishinda marathoni ya Michezo ya Jumuiya ya Madola. Aliitwa Gidamis Shahanga. Miaka minne baadaye, Brisbane, akaongeza dhahabu ya mita 10,000. Kabla yake Mbulu ilikwishamtoa mkimbiaji wa marathoni John Stephen Akhwari, na Karatu ikamtoa Filbert Bayi, aliyeweka rekodi ya dunia ya mita 1,500 kwa dakika 3:32.2 huko Christchurch mwaka 1974. Babati imekaa katikati ya nyanda hizo za wakimbiaji.

Kwa muda mrefu watu wa huku walitembea kwa sababu shamba, mnada na shule vilikuwa mbali. Kisha mji ukakua. Mwaka 2002 Babati ikawa makao makuu ya mkoa mpya wa Manyara, na mwaka 2018 ikazinduliwa barabara ya lami ya kilomita 251 hadi Dodoma. Bodaboda zikafika hadi mlangoni. Leo mfanyakazi wa ofisini anayetaka kupunguza kitambi hukutana na ushauri wa aina mbili: akimbie taratibu kwa saa nzima, au atimue mbio kwa muda mfupi, apumzike, arudie. Ubishi huo ni wa zamani, na ulipoanza haukuhusu kitambi.

Katika miaka ya 1930, huko Ujerumani, kocha Woldemar Gerschler alishirikiana na daktari wa moyo Hans Reindell. Mwanariadha alikimbia kipande kifupi hadi moyo udunde karibu mara 180 kwa dakika, kisha akapumzika hadi ushuke kufikia 120, ndipo arudie. Shabaha yao ilikuwa kuupa moyo nguvu. Mwaka 1939 mwanafunzi wa Gerschler, Rudolf Harbig, alikimbia mita 800 kwa dakika 1:46.6 mjini Milan, na rekodi hiyo ya dunia ikadumu hadi 1955. Emil Zátopek wa Chekoslovakia, aliyekuwa akirudia mita 400 mara kadhaa kwa siku moja, alitwaa dhahabu tatu katika Olimpiki ya Helsinki ya 1952. Hoja ya kwamba mwendo wa vipindi unajenga mkimbiaji ikawa imethibitishwa.

Suala la mafuta ya mwili liliingia baadaye. Mwaka 1994 mtafiti Angelo Tremblay na wenzake, huko Québec, walilinganisha kundi lililofanya mazoezi ya mfululizo kwa wiki 20 na kundi lililochanganya vipindi vikali kwa wiki 15. Kundi la vipindi lilitumia nishati pungufu, lakini mafuta ya chini ya ngozi yalipungua zaidi. Miaka miwili baadaye Izumi Tabata wa Japani alichapisha utafiti wa sekunde 20 za kasi na 10 za kupumzika. Alipima pumzi na uwezo wa misuli, hakupima mafuta. Hata hivyo jina lake likaenea duniani kama dawa ya unene.

Tafiti zilipoongezeka, tofauti ilipungua. Mwaka 2017 watafiti wa Australia walikusanya tafiti 13 za watu wazima wenye uzito mkubwa. Njia zote mbili zilipunguza mafuta na mzingo wa kiuno kwa kiwango kinacholingana. Faida ya vipindi ilikuwa muda: vilihitaji muda pungufu kwa takriban asilimia 40.

Kuhusu kama mazoezi yenyewe huondoa kitambi, jibu zito zaidi lilitoka kwa Wahadza, jamii ya wawindaji na wakusanyaji, majirani wa Babati wanaoishi kuzunguka Ziwa Eyasi na katika bonde la Yaeda wilayani Mbulu. Mtafiti Herman Pontzer na wenzake waliwanywesha watu wazima 30 maji yenye atomi maalumu, kisha wakapima mikojo yao kwa siku 11 ili kujua kila mmoja anatumia kalori ngapi. Wanaume walitembea wastani wa kilomita 11 kwa siku, wanawake karibu 6. Matokeo yalitoka mwaka 2012: ukishazingatia ukubwa wa mwili, Wahadza walitumia kalori sawa na wakazi wa miji ya Marekani na Ulaya. Pontzer anaeleza kwamba mwili unaofanya kazi nyingi hubana matumizi kwingine, kama mama anayepunguza sukari ili ada ya shule itimie.

Mazoezi hayakupoteza thamani kwa hesabu hiyo. Utafiti wa 2017 ulionyesha kuwa Wahadza hujishughulisha kwa kiwango cha wastani hadi kikali kwa zaidi ya saa mbili kila siku, na dalili za maradhi ya moyo kwao ni chache. Kinachopingwa ni imani kwamba chipsi na soda za mchana zitafutwa na mbio za jioni.

Kwa hiyo mkazi wa Babati asipoteze mwezi akibishania njia. Mwenye nusu saa na magoti imara atumie vipindi. Mwenye shinikizo la damu aonane kwanza na daktari, aanze kwa mwendo wa kawaida. Mafuta apambane nayo kwenye sahani, na mazoezi ayafanye kwa ajili ya moyo, mwaka hadi mwaka.