Somo la Historia: Serikali ya Muda

  Mwalimu wa kituo, tafadhali andika ubaoni maneno haya matatu: serikali ya muda, baraza la mawaziri, katiba. Nanyi wanafunzi someni pamoja, polepole. Vema.

Serikali ya muda ni serikali inayoshika nchi baada ya utawala kuanguka, mpaka wananchi wapige kura. Baraza la mawaziri ni watu wanaogawana kazi za serikali: huyu fedha, yule afya, mwingine ulinzi. Katiba ni sheria kuu inayosema nani ana uwezo gani. Shikeni sana neno hilo la tatu.

Tuanze hapa Tabora. Ninyi mnaijua njia ya zamani ya misafara. Ilitoka pwani, Bagamoyo, ikafika Unyanyembe. Hapa iligawanyika. Tawi moja lilikwenda magharibi hadi Ujiji. Jingine lilikwenda kaskazini, Karagwe, hadi Buganda. Kwa hiyo mambo ya Uganda si mambo ya mbali kwa watu wa Tabora. Mwalimu Nyerere naye alisoma Tabora, na mwaka 1943 akaenda Makerere, Kampala. Alipomaliza masomo alirudi kufundisha papa hapa Tabora.

Sasa sikilizeni. Tarehe 25 Januari 1971, Jenerali Idi Amin aliipindua serikali ya Rais Milton Obote. Obote alikimbilia Tanzania, na askari wake wengi wakamfuata. Mwaka 1972 askari hao walijaribu kurudi kwa silaha, wakashindwa. Baadaye waliwekwa mbali na mpaka, huku Tabora, mahali kama Kigwa. Kigwa ni kituo cha kale cha misafara. Watu waliozoea bunduki wakashika majembe, wakangoja miaka.

Mwezi wa Oktoba 1978, majeshi ya Amin yaliingia Kagera. Tanzania ikapigana vita, na wapiganaji wa Uganda wakajiunga nayo. Kabla Kampala haijatekwa, Waganda wa vikundi vingi walikutana Moshi, tarehe 24 hadi 26 Machi 1979. Wengine walimtaka Obote, wengine hawakutaka hata kumsikia. Lakini wote walikubaliana juu ya jambo moja: Amin aondoke. Wakaunda chama cha umoja. Wakamchagua Profesa Yusuf Lule, aliyewahi kuwa mkuu wa Makerere, awe kiongozi. Wakaweka pia baraza la ushauri la watu 30, chini ya mwenyekiti Edward Rugumayo.

Kampala ilitekwa tarehe 11 Aprili. Siku mbili baadaye Lule aliapishwa, akateua mawaziri. Watu walicheza ngoma barabarani.

Hapo ndipo penye somo letu. Mwezi wa Juni Lule aliwabadilisha mawaziri bila kuliuliza baraza la ushauri. Alisema katiba ya zamani inampa rais uwezo huo. Baraza likasema: La, tulipatana Moshi kwamba uteuzi lazima tuukubali sisi. Kila upande ulishika neno lake. Tarehe 20 Juni baraza lilimwondoa Lule. Alikuwa ametawala siku 68 tu. Watu wengi wa Kampala waliandamana wakidai arudishwe, lakini hakurudishwa.

Akawekwa Godfrey Binaisa, mwanasheria. Naye alipotaka kumwondoa mkuu mmoja wa jeshi, wakubwa wa jeshi walikataa. Mwezi wa Mei 1980 walimwondoa yeye. Nchi ikawa mikononi mwa Tume ya Kijeshi chini ya Paulo Muwanga. Basi hesabuni: katika muda wa miezi 13 tu, viongozi wawili waliondolewa, na hakuna hata mmoja aliyeondolewa kwa kura ya wananchi.

Uchaguzi ulifanywa mwezi wa Desemba 1980. Chama cha Obote kilitangazwa mshindi, lakini wengine walisema kura zimeibwa. Mwezi wa Februari 1981 Yoweri Museveni aliingia msituni na kuanza vita. Vita hivyo vilikwisha mwezi wa Januari 1986. Watu wengi sana walikufa, na mashamba yakageuka pori.

Je, kosa lilikuwa la nani? Wengine humlaumu Lule, wengine baraza, wengine jeshi. Lakini angalieni jambo moja. Kule Moshi walijua vizuri nani wasiyemtaka. Hawakumaliza kupatana nani atakuwa na uwezo gani.

Wapagazi wa Kinyamwezi walichukua mizigo ya ratili 60 na zaidi. Msafara haukuondoka Tabora mpaka ijulikane nani kirangozi na nani anachukua mzigo upi. Kugombania mambo hayo porini, katikati ya njia, ni hatari. Njaa iko nyuma, wanyang'anyi wako mbele. Serikali ya muda nayo ni msafara ulio njiani.

Sasa jibuni maswali haya kwa vikundi, kisha andikeni majibu katika madaftari:

1. Lule alitawala siku ngapi?
2. Lule na baraza la ushauri waligombania uwezo gani?
3. Katika chama chenu cha ushirika, nani ana uwezo wa kumwondoa katibu? Jambo hilo limeandikwa wapi? Kama hamjui, ulizeni kabla ya ugomvi kutokea.

Kwaherini, mpaka somo lijalo.