Faru Waliorudi Mkomazi

Juzi hapa Moshi kijana mmoja aliniuliza kama sayansi inaweza kumfufua mnyama aliyekwisha kutoweka. Nikamwambia, Hispania walijaribu mwaka 2003 kwa mbuzi-mwitu wa milima ya Pyrenees. Kitoto kilizaliwa, kikafa baada ya dakika chache, mapafu mabovu.

Nikamwelekeza Mkomazi, kule Same. Faru weusi walimalizwa na majangili katika miaka ya 1980. Mwaka 1997 wakaletwa wanne kutoka Addo, Afrika Kusini, uzao wa faru waliotolewa Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1960. Maabara haikuhusika, mbegu ilikuwa imehifadhiwa ugenini. Wakazaliana, lakini ndani ya uzio wa umeme, na askari wenye bunduki. Faru wa maabara naye tungemfungulia wapi?