Kung'atuka, Kujiuzulu na Kushtakiwa: Istilahi za Kumwondoa Rais Madarakani

Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ya mwaka 1977 ina ibara mbili zinazofuatana ambazo zinastahili kutazamwa na kila mwenye kushughulika na istilahi. Ibara ya 46 inapiga marufuku kumshtaki Rais mahakamani kwa kosa la jinai wakati akiwa madarakani. Ibara ya 46A, iliyoongezwa mwaka 1992, inaliruhusu Bunge kumshtaki Rais. Kitenzi ni kimoja. Linalokatazwa na linaloruhusiwa ni mambo mawili tofauti. Makala hii yakusudia kulipima neno hilo pamoja na wenziwe katika historia ya nchi yetu.

Tuanze na kung'atuka. Neno hili lilitoka katika Kizanaki, lugha ya Butiama, mkoani Mara, likaenezwa na Mwalimu Julius Nyerere, aliyeacha urais mwezi Novemba 1985. Maana yake ni kuyaacha madaraka kwa hiari ili wengine wayashike. Ndani yake hamna kosa wala aibu.

Kujiuzulu ni neno lenye asili ya Kiarabu. Kuuzulu ni kumwondoa mtu katika cheo. Kujiuzulu ni kujiondoa mwenyewe. Lakini hiari hiyo si kamili wakati wote. Mwezi Januari 1984, Aboud Jumbe alijiuzulu urais wa Zanzibar katika kikao cha Halmashauri Kuu ya Taifa ya CCM mjini Dodoma, baada ya kubanwa juu ya suala la Muungano. Umbo la neno lilisema amejiondoa. Historia inasema aliondolewa, na aliyemwondoa ni Chama, si Bunge.

Mfumo wa vyama vingi uliporudi mwaka 1992, ilipasa kuwe na utaratibu wa kikatiba. Kwa mujibu wa ibara ya 46A, taarifa ya hoja hupelekwa kwa Spika siku 30 kabla ya kikao, ikiwa imeungwa mkono na asilimia 20 ya Wabunge wote au zaidi. Theluthi mbili ya Wabunge wote wakikubali, huundwa Kamati Maalum ya Uchunguzi chini ya Jaji Mkuu, akiwamo Jaji Mkuu wa Zanzibar na wajumbe saba walioteuliwa na Spika. Kamati hutoa taarifa yake katika muda usiozidi siku 90, na Rais hupewa nafasi ya kujitetea. Theluthi mbili wakiamua tena kwamba mashtaka yamethibitika na kwamba Rais hafai kuendelea, hana budi kujiuzulu kabla ya siku tatu kwisha. Hapo tena neno linasema "kujiondoa", ilhali hiari haipo.

Zaidi ya hayo, Rais aliyeondolewa kwa njia hiyo hupoteza kinga waliyo nayo marais wastaafu, hivyo aweza kushtakiwa mahakamani. Yaani kushtakiwa kwa kwanza hufungua mlango wa kushtakiwa kwa pili!

Wenzetu wa Kenya wamefuata njia nyingine. Kutokana na kung'atuka wamepata kung'atua, kwa kanuni ileile ya kung'oka na kung'oa, pasuka na pasua. Naibu wa Rais Rigathi Gachagua alipoondolewa na Seneti mwezi Oktoba 2024, ilisemwa kuwa ameng'atuliwa. Neno la hiari limegeuka la nguvu. Umbo ni sahihi, bali kwetu lingelichafua neno ambalo thamani yake yote ni ile hiari.

Hakuna Rais wa Tanzania aliyepata kuondolewa kwa ibara hii. Lakini haki isiyotumiwa ndiyo ihitajiyo zaidi kueleweka. Mvuvi wa kisiwa cha Rukuba, ng'ambo ya Musoma, akisikia redioni kwamba Rais hashtakiwi, kisha akasikia kwamba Bunge laweza kumshtaki, atadhani sheria inajipinga, au kwamba hayo ni mambo ya mawakili tu. Ilhali mbunge anayepiga kura hiyo ametumwa na yeye.

Kwa hiyo yafaa kushtaki kubaki neno la mahakama. Kazi ya Bunge iitwe kumuuzulu Rais, neno ambalo tunalo tayari katika kujiuzulu. Na kung'atuka tukuachie wale waondokao kwa hiari yao.