Kusafisha mwili kwa chakula: maana yake na mipaka yake

Kila Januari, sherehe zikishapita na baridi ikishabana, wakazi wengi wa Don Mills, kaskazini mashariki ya katikati ya jiji la Toronto, Canada, huanza kujinyima. Kuna wanaokunywa juisi tupu kwa siku kadhaa, na kuna wanaoacha sukari na unga mweupe kwa wiki tatu au nne. Yote mawili huitwa kusafisha mwili, lakini ni mambo mawili tofauti kabisa.

Aina ya kwanza ina historia ndefu. Wazee wa pwani watakumbuka haluli, iliyonywewa ili tumbo lioshwe. Huko Amerika Kaskazini, Stanley Burroughs alieneza tangu miaka ya 1940 kinywaji cha maji ya limau, sharubati ya mti wa maple na pilipili, kinywewe siku 10 bila chakula. Kitabu chake cha mwaka 1976 kingali kina wafuasi.

Kinachodaiwa kutolewa ni "sumu", ingawa wauzaji ni nadra kuitaja jina. Kazi hiyo tayari ina wenyewe. Ini huvunjavunja pombe na dawa, na figo huchuja takriban lita 180 za majimaji ya damu kwa siku. Uzito unaopungua siku za mwanzo ni maji kwa sehemu kubwa, nao hurudi mtu anapoanza kula.

Juisi yenyewe yaweza kudhuru. Mwaka 2013 madaktari wa jimbo la Kerala, India, waliripoti habari za wagonjwa 10 waliopata maradhi ya ghafla ya figo baada ya kunywa maji ya birimbi, tunda lile lile tunalolitia katika achari. Lina asidi nyingi ya oksaliki, ambayo hugeuka chembechembe ngumu ndani ya figo. Mwaka 2018 jarida la American Journal of Kidney Diseases lilieleza kisa cha mwanamke wa miaka 65, aliyewahi kupasuliwa tumbo, ambaye figo zake ziliharibiwa na juisi ya mboga za majani. Mchicha nao una asidi hiyo. Sahani moja ya mchicha uliochemshwa na kumwagwa maji haina tatizo kwa mtu mwenye afya. Jagi la mchicha mbichi kila siku ni jambo jingine.

Hatari iliyo karibu zaidi na jamii zetu ni ya kisukari. Toronto ndipo insulini ilipogunduliwa mwaka 1921, na mgonjwa wa kwanza akadungwa Januari 1922. Anayetumia insulini, au baadhi ya vidonge vya kushusha sukari, akiacha kula ghafla huweza kutetemeka, kutokwa jasho na hata kuzimia. Asianze bila daktari kumpangia upya dawa zake.

Aina ya pili ni ya kula, si ya kufunga. Soda, sukari, unga mweupe na vyakula vya viwandani huondolewa kwa muda, na nafasi yake hujazwa na mboga, kunde, matunda na nafaka zisizokobolewa. Hii inakaribiana na Mwongozo wa Chakula wa Canada wa Januari 2019, uliofuta makundi manne ya zamani na kuchora sahani moja: nusu mboga na matunda, robo nafaka nzima, robo vyakula vya protini, na maji kuwa kinywaji cha kwanza. Mwafrika Mashariki hana cha kushangaa hapo. Ugali wa dona, maharage na matembele vinaenea humo, ila ugali ukubali kuwa robo. Hilo ndilo gumu, hasa kwetu tulio uhamishoni, ambao sahani iliyojaa ndiyo nyumbani kulikobaki.

Don Mills ilianza kujengwa mwaka 1953 na tajiri E. P. Taylor, aliyechuma mali kwa viwanda vya bia. Waismailia kutoka Afrika Mashariki, wakiwemo waliofukuzwa Uganda mwaka 1972, walifanya makazi eneo hili na jirani zake, na tangu Septemba 2014 kituo chao na Jumba la Makumbusho la Aga Khan viko barabara ya Wynford. Ndiyo maana choroko, mbaazi, bamia na muhogo si vya kutafuta mbali. Mchicha huuzwa na Wakaribi kwa jina la callaloo.

Mwandishi wa makala haya alijaribu njia hii ya pili kwa siku 21. Kichwa kiliuma siku tatu za mwanzo. Wauzaji wangesema sumu inatoka. Ilikuwa ni kukosa kahawa. Baada ya hapo kilichobaki ni chai isiyo na sukari na kunde mara nne kwa wiki. Mikate ilirudi.

Wajawazito, wanaonyonyesha, watoto, wenye maradhi ya figo na waliowahi kusumbuliwa na maradhi ya ulaji wasijaribu wenyewe. Walioko Ontario wanaweza kupiga 811 na kuomba kuzungumza na mtaalamu wa lishe bila malipo.