Kongoni wa Swayne: Mhandisi wa Woolwich na Nyika Iliyotoweka

Mashabiki wa Arsenal walioenea Mombasa, Kampala na Dar es Salaam wanarithi, wengi wao bila kujua, jina la karakana ya silaha ya Woolwich, ambako wafanyakazi waliunda timu hiyo mwaka 1886. Mji huohuo ulikuwa na chuo cha kijeshi, kilichoanzishwa mwaka 1741, kilichowafundisha maafisa wa mizinga na wahandisi kupima ardhi na kuchora ramani. Katika mkondo huo wa wahandisi ndimo alimotoka Harald Swayne.

Mwaka 1895 Swayne alichapisha kitabu cha safari zake 17 katika nchi ya Wasomali, alizozifanya kati ya 1885 na 1893. Mchapishaji wake alikuwa Rowland Ward, fundi maarufu wa London wa kukausha vichwa vya wanyama. Jambo hilo peke yake linatosha kueleza kitabu hicho kiliwalenga wasomaji gani. Hata hivyo si orodha ya mizoga tu. Mhandisi anapima njia na visima, kisha kalamu inalegea anapofika kwenye tambarare za nyasi kusini mwa Berbera, ambako makundi ya kongoni, siig kwa Kisomali, yalihesabiwa kwa mamia. Mwaka 1892 mtaalamu wa wanyama P. L. Sclater alimpa kongoni huyo jina la Swayne.

Sifa hiyo ilikuja wakati mbaya. Sotoka, iliyoingia Pembe ya Afrika kupitia Massawa katika miaka ya 1887 na 1888, iliwaangamiza ng'ombe, nyati na swala, na kabla ya 1891 kwisha ilikuwa imewafikia ng'ombe wa Wamaasai. Bunduki zikamalizia. Kongoni hakimbilii kichaka. Husimama peupe na kutegemea macho yake, na kinga hiyo, iliyomfaa dhidi ya simba, haikumfaa mbele ya risasi inayotoka mbali. Wafugaji walikuwa wamechunga ngamia kandokando yake kwa vizazi. Maafisa waliovuka ghuba kutoka Aden kwa likizo hawakuwa na vizazi. Walikuwa na majuma machache.

Mei 1900 mataifa ya Ulaya yalitia saini London mkataba wa kuhifadhi wanyama wa Afrika, na mwaka 1903 Edward North Buxton akaunda chama cha hifadhi. Wanachama wake wengi walikuwa wawindaji, wakatungiwa jina la wachinjaji waliotubu. Dhihaka hiyo ilikuwa na haki yake, ingawa toba yao ilikuwa ya kweli kiasi: walililia nyika waliyoijua kwa miguu. Kasoro ilikuwa kwamba katika kilio hicho mwenyeji alionekana kama mharibifu, mara chache sana kama shahidi.

Leo kongoni wa Swayne hayuko tena katika tambarare za Somalia. Waliosalia wako Ethiopia, baadhi yao katika hifadhi ndogo ya Senkelle, wakigombea majani na ng'ombe wa vijiji vinavyoizunguka.