Ini la Samaki na Ini la Jirani Yangu

Juma lililopita jirani yangu, mzee mwenye ugonjwa sugu wa ini, alinionyesha kichupa cha vidonge vya vitamini D kilichomgharimu fedha nyingi. "Mwanangu," akaniambia, "nikivimaliza hivi, kliniki basi tena." Sikubishana naye pale barazani. Leo nitaisimulia historia ya dawa hiyo, kwani jibu limo humo.

Miaka mia moja iliyopita, watoto wengi wa miji ya viwanda ya Ulaya walikuwa na matege. Moshi uliziba jua, na vichochoro vilijaa kiza. Mwaka 1919 Edward Mellanby, mtafiti wa Uingereza, alieleza jinsi watoto wa mbwa waliofungiwa ndani na kulishwa chakula duni walivyopinda mifupa, ilhali waliopewa mafuta ya ini la samaki walisalimika. Mwaka huohuo, mjini Berlin, Kurt Huldschinsky alitibu matege ya watoto kwa taa yenye mionzi kama ya jua. Mwaka 1922 Elmer McCollum na wenzake, huko Baltimore, Marekani, walithibitisha kuwa ndani ya mafuta yale mna kirutubisho cha pekee. Kikaitwa vitamini D.

Hata hivyo, ilipita karibu nusu karne kabla ya kujulikana inavyofanya kazi. Kuanzia mwaka 1968, Hector DeLuca na wenzake wa Chuo Kikuu cha Wisconsin walionyesha kuwa vitamini D, itoke juani au kidongeni, huwa bado mbichi. Ini ndilo huipika kwanza, kisha figo huimalizia.

Sasa tazama mtego alionaswa jirani yangu. Ini lenye makovu huweza kushindwa kupeleka nyongo ya kutosha, na bila nyongo utumbo haufyonzi vyema vitamini hii, maana huyeyuka katika mafuta. Mgonjwa hula kidogo, tena hushinda ndani. Hata protini inayoibeba vitamini hiyo damuni hutengenezwa na ini lenyewe. Ndiyo maana wagonjwa wengi wa ini hupungukiwa, hata katika nchi zenye jua kali.

Upungufu huo si jambo la kupuuza, kwani hudhoofisha mifupa. Daktari akiupima na kuandika vidonge, vimezwe. Lakini kujaza upungufu si kuponya ini. Mwaka 2021 watafiti wa Cochrane walipitia majaribio 27, wasipate ushahidi wa kutegemewa kwamba vidonge hivyo huongeza maisha ya wagonjwa wa ini. Na kuzidisha kuna madhara: Uingereza, miaka ya 1950, baadhi ya watoto wachanga waliugua kwa kalsiamu kuzidi damuni. Vyakula vilivyotiwa vitamini D nyingi vikashukiwa, na serikali ikapunguza kiwango.

Wahenga walisema mwiba hutokea ulipoingilia. Kama ini liliharibiwa na pombe, pombe iachwe. Kama ni virusi vya homa ya ini, aina B ina dawa za kuidhibiti na chanjo ya kuikinga, na aina C hutibika ikapona. Mambo hayo huanzia kliniki, palepale mzee anapotaka kupaacha.

Kesho asubuhi nitamsindikiza. Kichupa chake tutakibeba, daktari akione.