Mateka wa Gombe aliyesikilizana na nyani

Jina la Barbara Smuts ni geni kwa wengi hapa Uvira, ingawa historia yake imepita kwenye maji yetu.

Usiku wa tarehe 19 Mei 1975, watu wapatao 40 wenye silaha walivuka Ziwa Tanganyika hadi Gombe, kaskazini mwa Kigoma, kwenye kambi ya Jane Goodall ya kuchunguza sokwe. Walikuwa wapiganaji wa PRP, chama cha Laurent-Désiré Kabila chenye ngome katika milima ya Fizi. Waliteka wanafunzi wanne wa kigeni, Smuts akiwemo, wakarudi nao upande wa Zaire. Yeye aliachiwa mapema ili apeleke Kigoma barua ya masharti. Wa mwisho alitoka Julai. Kazi ya Gombe ikabaki mikononi mwa Watanzania kama Hilali Matama, nao hawakuiacha ilale.

Mwingine asingekanyaga tena Afrika. Smuts alikwenda Gilgil, Kenya, kuishi na kundi la nyani wapatao 135. Wataalamu walikuwa wamemfundisha ajifanye jiwe: mnyama akisogea, usimtazame, usimjibu. Nyani hawakukubali. Kwao, anayekaribiwa akanyamaza tu ni mkosefu wa adabu. Basi akajifunza desturi zao: namna ya kuketi, kupita, kutupa jicho na kulikwepesha, hata kuashiria kwa mwili kwamba hataki kuguswa. Mwanzoni alipowasogelea mno walikimbia. Baadaye hawakukimbia tena, walimkazia macho makali tu. Kwangu mimi hapo ndipo penye uzito wote wa kazi yake: alikuwa amehesabiwa kuwa mtu wa kukaripiwa, kama jirani yeyote.

Alisimulia pia jioni moja huko Gombe, nyani wa huko walipokuwa wakifuata kijito kwenda kulala. Ghafla kila mmoja aliketi kando ya kidimbwi akatazama maji, hata watoto wakatulia, kwa kama nusu saa. Kisha wakainuka pamoja bila ishara aliyoweza kuiona.

Alialikwa pia kuandika maoni katika kitabu cha J. M. Coetzee kuhusu maisha ya wanyama, kilichotoka mwaka 1999. Alisema wazi kilichomsumbua: wahusika wanabishana kwa falsafa kurasa nyingi, lakini hakuna hata mmoja anayesimulia alivyokutana na mnyama ana kwa ana. Yeye akasimulia habari za nyani wake, kisha za mbwa aliyeishi naye nyumbani, aitwaye Safi.